Nimegongwa na bodaboda kwenye njia ya baiskeli, nipokee elfu ishirini yake?

MsambazaMayai:
Wakuu, habarini za jioni. Kazi yangu ni kusambaza mayai kwa baiskeli, nayachukua Kimara nashuka nayo Morogoro Road hadi Manzese. Juzi asubuhi niko zangu kwenye njia ya baiskeli, ile ya pembeni ya Mwendokasi, akatokea bodaboda kwa mbele anakwepa foleni, abiria mgongoni. Akanivaa. Ringi ya mbele imepinda, spoku zimekatika, trei zote nilizofunga kwa mpira zikaanguka chini, ute umetapakaa hadi kwenye mnyororo. Kifundo cha mguu kimevimba kiatu hakiingii.

Sijanyanyuka vizuri, wenzake wameshajaa. "Mzee, hii njia ya wote, malizaneni hapa hapa." Jamaa akatoa elfu ishirini. Hela ya trei mbili hivi, na ringi je? Sikuipokea. Nikapiga picha namba ya pikipiki, nikachukua namba yake ya simu, nikakokota baiskeli hadi kwa fundi.

Wanaojua sheria: hiyo njia ni ya wote kweli? Na PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, ya nini wakati ni uvimbe tu?

BimaMtaani:
Pole sana mkuu. Umefanya vizuri kutoshika hiyo hela, maana ukishashika utaambiwa mlimalizana.

Njia ya baiskeli si ya chombo chenye injini, hilo halina mjadala. Ukikuta kibao cha duara cha bluu chenye picha ya baiskeli, maana yake ndiyo hiyo. Na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 (Sura ya 168) inamtaka dereva aliyejeruhi mtu asimame na ajali iripotiwe polisi. Kumalizana kijiweni hakumo humo.

PF3 chukua hata kama ni uvimbe. Kwanza kifundo hicho kipigwe eksirei, watu wanatembelea mfupa uliopasuka wiki nzima wakidhani wameteguka. Pili, bila karatasi ya polisi na ya daktari huna cha kupeleka bima. Wengi hawajui kwamba pikipiki nayo inalazimika kisheria kuwa na bima ya mtu wa tatu (Sura ya 169). Mtu wa tatu ndiye wewe! Ingiza namba ya pikipiki kwenye TIRAMIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, utaona kama bima iko hai. Kuumia kwako ndiko sheria inakolazimisha kukatiwa bima. Mayai na ringi inategemea bima yenyewe imeandikwaje, kwa hiyo weka risiti ya fundi. Jiandae kuzungushwa: ripoti ya polisi, mchoro wa ajali, wakati mwingine hadi hukumu ya mahakama.

Boda_wa_Shekilango:
Mimi ni bodaboda na sitamtetea huyo, kukimbiza pikipiki mle ndani ukiwa na abiria ni ujinga. Lakini semeni yote. Hiyo njia ina meza za mitumba, ina maguta yamepaki, ina magari yamepandishwa. Na nyie wa baiskeli mnakuja kinyume barabara kuu usiku bila taa hata ya kuombea. Mzee, tuma namba ya kijiwe chake inbox, viongozi wetu wanajua kumbana mtu.

MsambazaMayai:
Usiku mimi siko barabarani bwana, mayai ni ya asubuhi. Nimekutumia.

MamaWawili_Sinza:
Kaka yangu pole. Mimi kwa sheria za kwenye karatasi nimechoka. Mwendo kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, zebra dereva anatakiwa akupishe, haya, simama Sam Nujoma na mtoto mkononi uone atakayekupisha. Daladala ya kwanza ikisimama, ya pili inaipita kwa kulia. Hapo ndipo watoto wanapogongwa.

Kinachofanya kazi ni tuta. Amend, shirika la usalama barabarani, walianzia hapa hapa Dar kwenye shule za msingi: matuta, njia ya miguu, zebra iliyopakwa ikaonekana, na kwingine wakahamisha geti la shule lisitokee barabara kubwa. Mradi wao huo, unaitwa SARSAI, ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019. Hakuna askari aliyesimama pale kutwa. WHO nao wanasema panapochanganyika watu na magari mwendo uwe 30. Sisi hata hiyo 50 tunaisoma kwenye kibao tu. Hiyo njia yako ya baiskeli ingewekewa nguzo fupi za zege kila inapoanzia, pikipiki isingepenya. Ila zipimwe vizuri, trei zako zipite.

MsambazaMayai:
Dada nguzo nazikubali, baiskeli yangu na trei haifiki upana wa mlango.

Mrejesho: pikipiki ina bima, hai. Jamaa kapiga simu mchana, kapanda hadi elfu hamsini, anasema tusifike polisi kwa sababu chombo si chake, ni cha bosi, anapeleka hesabu kila jioni. Nimemwambia nitafikiria. Kesho nikishaweka mzigo Manzese napitia kituoni.

BimaMtaani:
Mzigo wa nini na mguu huo? Nenda kituoni leo, wako wazi usiku kucha. Na picha ya namba usiifute.