Fuvu la mbuzi linasafishwaje? Niko Ujiji

mzee_wa_mifupa: Wakuu habari, nakusanya mafuvu ya wanyama, kuna jamaa machinjioni kanipa kichwa kizima cha beberu na pembe zake, sasa nichemshe au nizike? Na lile la pori mtu akiliokota huko Ugalla anaruhusiwa kukaa nalo?

Nyamwezi_OG: Usichemshe mkuu, mafuta yanazama kwenye mfupa halafu baadae linakua njano. Chuna ngozi, toa ubongo na waya kupitia lile tundu la nyuma, loweka kwenye ndoo yenye mfuniko, bakteria watakula wenyewe ila harufu yake majirani watakuitia mjumbe. Pembe zikilegea zinachomoka kama soksi, ndani kuna mfupa. Maji chuja kabla hujamwaga, meno yanadondoka. Ya mbele juu usiyatafute, mbuzi hana.

dada_K: Jiki usiguse, inakula mfupa unabaki unga unga. Loweka maji ya sabuni ya vyombo, badilisha mpaka mafuta yaishe, ndo uweke haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ipo duka la dawa.

mwana_Sikonge: La pori acha hapohapo. Hiyo ni nyara ya serikali, sheria ya wanyamapori ya 2009, bila kibali ni kesi hata kama umeokota tu.

dada_K: Na mzoga uliojifia unatoka damu puani usiguse kabisa jamani, inaweza kua kimeta.

mzee_wa_mifupa: Poa, wife ashaanza kuuliza ile ndoo ya nini 😂