Udongo wa kufinyanga unapasuka, na watoto wananakili tu mfano wangu

mlezi_newala
Habari za jioni walimu na wazazi. Nina watoto 34 wa darasa la awali, miaka 4 hadi 6, hapa Newala. Kila Ijumaa tunafinyanga. Vitu vinapasuka vikikauka, hasa shingo na miguu ya wanyama. Mtoto akikuta kazi yake imekatika, Ijumaa inayofuata hagusi udongo. Tulitia vijiti ndani viwe mifupa, ikawa mbaya zaidi. Jambo la pili: nikitengeneza mfano, wote wanatoa kilekile. Rangi na gundi za dukani siziwezi kwa idadi hii. Naombeni maelekezo yenye vipimo.

mfinyanzi_kitangari
Mwalimu, vijiti ndivyo vilivyokuponza. Udongo ukikauka husinyaa, kijiti hakisinyai, basi unapasukia juu yake. Viache kabisa.

Pima udongo kwanza. Viringisha kamba nene kama kidole chako kidogo, uizungushie kidole gumba. Ikikatika papo hapo, udongo ni mkavu au una mchanga mwingi. Ikipinda vizuri lakini udongo unanata viganjani na kung'aa, huo utasinyaa sana. Uongezee vigae vya chungu kilichovunjika, vilivyotwangwa na kuchekechwa. Kopo 1 la vigae kwa makopo 5 ya udongo. Vigae vimeshapita motoni, havisinyai tena, kwa hiyo vinapunguza mvutano. Kutwanga na kuchekecha fanya wewe, watoto wakiwa mbali na vumbi. Kanda, kisha ulaze siku 2 kwenye ndoo yenye mfuniko.

Miguu hudondoka kwa sababu watoto hubandika kwa maji matupu. Wafundishe kukwaruza pande zote mbili kwa chelewa, kupaka udongo uliolainishwa kama uji mzito, kubana, halafu kusugua kiungo kwa kidole mpaka mstari upotee. Hapo kwenye kusugua usiwaharakishe.

Anikeni kivulini, mbali na upepo, siku 4 au 5. Shingo ni nyembamba, hukauka na kusinyaa tumbo likiwa bado bichi, ndiyo maana hukatikia pale inapoungana na kiwiliwili. Siku mbili za kwanza ifunge kitambaa chenye unyevu. Tumbo lisizidi unene wa vidole viwili. Likizidi, lichimbwe kwa chini.

mama_wa_mikindani
Gundi: unga wa muhogo. Koroga kikombe 1 cha unga kwenye kikombe 1 cha maji baridi, umimine taratibu kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka huku ukikoroga. Moto mdogo, dakika 3 hadi 5, mpaka weupe uishe na ianze kung'aa. Unga mkavu usitupwe kwenye maji ya moto: nje huiva kwanza, ndani hubaki mkavu, ndiyo mabonge. Tia kijiko cha chumvi. Inakaa siku 2. Ikianza kunuka mwaga.

Gundi hiyohiyo ndiyo inashika rangi. Nyeusi ni mkaa uliosagwa laini, nyekundu ni udongo wenu wa hukohuko Newala, njano ni kijiko 1 cha manjano kwa vijiko 4 vya gundi. Hii ya manjano wapake karatasi nzima, ikauke, halafu wachore juu yake kwa chelewa iliyochovywa maji ya sabuni ya mche. Mstari unatoka mwekundu wa kahawia mbele ya macho yao. Wakidondoshea ndimu, unarudi njano. Waache wabahatishe wenyewe kwa maji ya chumvi na ya sukari, waone kipi hakigeuzi kitu.

Tafadhali sana: maganda ya korosho ghafi yasiingie kwenye vifaa vya kuchezea. Mafuta yake yanaunguza ngozi. Tumia vifuu na magunzi.

mwalimu_wa_awali_lindi
Kuhusu kunakili: onyesha ufundi, usionyeshe kitu. Unga vipande viwili mbele yao, kisha uvibonde virudi kuwa donge kabla hawajaanza. Halafu wape tatizo. Huku kwetu kuna Tendaguru, ambako mifupa ya mijusi wakubwa wa kale ilichimbwa mwaka 1909 hadi 1913. Mifupa ya mmoja imesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Waulize: mnyama wa shingo ndefu hivyo atasimamaje asianguke kifudifudi? Mmoja atanenepesha miguu, mwingine atarefusha mkia, mwingine atalaza shingo mgongoni. Usiseme "kizuri", muulize "mkia huu unafanya kazi gani?"

mlezi_newala
Asanteni sana. Vilivyokwisha kukatika nitupe?

mfinyanzi_kitangari
Usitupe, mwalimu. Viache vikauke kabisa, uvipondeponde, uviloweke usiku kucha. Kikavu hasa humung'unyika chenyewe majini. Chenye unyevu nusu hubaki vinundu, na vinundu hivyo vitakupasulia kazi ya Ijumaa ijayo.