Mama Kevo ana jina lake, nimwite lipi?

Wadau, naomba ushauri. Naishi Manyatta hapa Kisumu, na kwa miaka 6 nimenunua mboga kwa mama mmoja tu. Osuga, dek, apoth, na sukuma anayonikatia nyembamba kama uzi huku tukipiga stori. Kwenye simu ni "Mama Kevo Mboga". Siku zote namlipa pesa mkononi. Juzi sikuwa na noti, nikamtumia 150 kwa M-Pesa, jina likatokea: Akoth.

Akoth! Kwa Waluo, yaani siku aliyozaliwa mvua ilikuwa inanyesha. Nilibaki nimeikodolea macho simu. Najua goti linalomsumbua ni la kushoto, najua Kevo yuko sekondari, jina lake mwenyewe sikulijua. Nikapekua simu yote: Fundi Bomba, Gesi, Maziwa, Keateka, Boda wa Kona. Nilipokuwa chuoni humo ndani mlikuwa na majina ya watu.

Sasa nimwite Akoth, au niendelee na Mama Kevo? Amenizidi kama miaka 15.

Nyar Ugenya: Mwanangu, usimtaje jina kavu mbele ya wateja. Mimi nimeolewa Seme zaidi ya miaka 30. Nilipofika niliitwa Nyar Ugenya, binti wa Ugenya, na nilipojifungua nikawa Min Otieno, yaani mama Otieno. Hakuna kilichopotea. Kila nikiitwa hivyo naiona boma ya baba yangu. Hata jirani yangu wa karibu jina lake nililijua M-Pesa ilipoanza 2007. Muulize kwao ni wapi, umwite kwa huko.

Lanet: Niko Nakuru ila nimekulia Kisumu. Fundi wangu wa maji, M-Pesa ilisema ni Odongo, jina la pacha anayezaliwa wa pili; wa kwanza huitwa Opiyo. Nikamuuliza, "Opiyo yuko wapi?" Akaweka spana chini. Kumbe pacha wake yuko Homa Bay, na mpaka leo anamtuma kama mtoto kwa sababu alimtangulia dakika 10! Tangu siku hiyo akija kwangu lazima tunywe chai kwanza.

Chwele: Polepole na majina. Nyanya yangu ni Nanjala, alizaliwa wakati wa njaa. Sokoni anataka aitwe Mama, basi.

Mwenye swali: Nimerudi. Leo jioni nimemuuliza kwao, akasema Asembo. Nikamwambia, "Nyar Asembo, nipe apoth ya 30." Alicheka hadi kisu kikamponyoka kwenye sinia. Halafu akapangusa mikono kwa leso, akatoa simu, akanionyesha.

"Hata mimi jina lako nililiona siku ile ulinitumia pesa," akasema. "Nikaona nisikuvunjie heshima."

Kwenye simu yake mimi ni "Apoth ya Jioni".