Timu ya halmashauri au ya jeshi ihesabiwe sekta gani katika uchumi wa michezo?

Mwalimu_Iringa
Wanajukwaa, habari za majukumu. Ninaandaa somo la uchumi wa michezo kwa vijana wa chuo hapa Iringa, nami nimekwama kwenye kugawa sekta zake. Vitabu nilivyonavyo huichukulia klabu kuwa kampuni. Huku kwetu, klabu ya Mbeya City ilianzishwa na Halmashauri ya Jiji, Tanzania Prisons ni timu ya Jeshi la Magereza, na Uwanja wa Sokoine ambao zote mbili zimekuwa zikiutumia ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Niziweke wapi? Na muuza viatu vya mpira pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, naye yumo?

Mdau_wa_Forest
Mwalimu, hapo yamechanganyika maswali mawili: nani anamiliki, na kinauzwa nini. Kwa swali la pili, watafiti Pitts, Fielding na Miller walipendekeza mwaka 1994 makundi matatu: mchezo wenyewe unaochezwa au kutazamwa, vinavyouwezesha, kama vifaa, viwanja na matibabu, na kazi za kuutangaza, zikiwemo udhamini na habari. Kwa mgawanyo huo Prisons inapoingia uwanjani imo kundi la kwanza, awe anayelipa mishahara ni serikali au tajiri, na muuza viatu wako yumo kundi la pili.

Nchi za Ulaya nazo mwaka 2007, katika kile kinachoitwa Ufafanuzi wa Vilnius, zilichora duara tatu: shughuli za michezo zenyewe, kisha bidhaa na huduma ambazo bila hizo mchezo hauchezeki, halafu vile vinavyohusiana na mchezo bila kuwa vya lazima kwake, kama televisheni na hoteli. Mimi naupendelea huu, kwa sababu Simba au Yanga wanapopanda Mbeya, mwenye nyumba ya wageni, dereva wa bodaboda na mama lishe huiona fedha ya mpira kabla hata klabu mwenyeji haijamaliza kukatwa makato ya mlangoni.

Mnyakyusa_Mtulivu
Nakubaliana nawe kuhusu bidhaa, ila umiliki usirukwe haraka hivyo. Zaidi ya umma na biashara ipo sekta ya tatu, ya vyama vya hiari vya wanachama, na ndiyo iliyoujenga mpira wetu. Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986 bila kuwa kampuni ya mtu. Hata leo kanuni zinataka klabu ya wanachama inayoingia ubia ibakize asilimia 51 kwa wanachama, na mwekezaji asizidi 49. Kwa hiyo mchanganyiko wa wanachama na biashara una jina, yaani ubia, tena umewekewa mipaka.

Mhasibu_Mstaafu
Shikamooni wakubwa. Naongeza fedha zinakopita. Mwaka 2021 Azam Media na shirikisho la mpira, TFF, walisaini mkataba wa haki za matangazo ya ligi wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa timu ya mkoani isiyojaza uwanja kila wiki, mgawo wa namna hiyo ni uhai, ingawa televisheni ipo duara la nje. Michezo ya kubahatisha ni mfano mgumu zaidi, mwalimu: inaishi kwa matokeo ya mechi, lakini bodi inayoisimamia iko chini ya Wizara ya Fedha, wakati vyama vya michezo vinasimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa (BMT) chini ya wizara nyingine kabisa. Wape vijana wako hiyo waibishanie.