Kratomu kwenye majimbo ya Marekani: sheria, vyeti vya maabara na usalama wa mteja. Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi
Wakuu, heshima kwenu. Wapo ndugu zetu wanaosimama kaunta za sheli na maduka ya sigara huko Marekani, na kila siku wanauza kratomu (majani ya mti wa Asia ya Kusini-Mashariki, huuzwa kama unga, vidonge au vichupa vya maji) bila kujua sheria ya jimbo inasemaje. Tukumbushane msingi kwanza. Serikali kuu haijaiweka kratomu kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa. DEA, idara ya kupambana na dawa za kulevya, ilitangaza nia ya kuiweka Agosti 2016, ikaiondoa Oktoba mwaka huohuo baada ya watu wengi kupinga. FDA, mamlaka ya chakula na dawa, nayo haiikubali kama dawa, kirutubisho wala kiungo cha chakula. Basi kila jimbo limejitungia lake. Utah ilitangulia mwaka 2019 na sheria ya kumlinda mlaji. Karibuni, ila tulete mambo ya kupimika, siyo "nasikia".

Dereva wa malori
Naanza na barabara, maana hapo ndipo watu wanapokamatwa. Alabama, Arkansas, Indiana, Vermont na Wisconsin zilipiga marufuku kati ya 2014 na 2016. Louisiana imefuata tangu tarehe 1 Agosti 2025. Ukitoka Dallas kwenda Memphis kwa barabara kuu za I-30 na I-40 unalikata jimbo zima la Arkansas. Mzigo au kichupa ulichonunua kihalali Texas, ukivuka mpaka pale Texarkana tu ni kosa la jinai. Risiti haikuokoi. Pia jimbo likiruhusu, mji au kaunti inaweza kukataza: jiji la San Diego limekataza, na kaunti ya Sarasota kule Florida vilevile. Angalia mpaka ngazi hiyo kabla ya kupakia, na uangalie upya kila safari kwa sababu sheria hizi zinabadilika kila kikao cha bunge la jimbo.

Mtu wa maabara
Mkuu dereva umeeleza vizuri. Mimi niingie kwenye cheti cha maabara, maana wengi wanakipokea kama picha ya ukutani.

Kwanza, namba ya bechi kwenye cheti ifanane herufi kwa herufi na ile ya pakiti. Tarehe ya kipimo ikitangulia tarehe ya kutengeneza, cheti hicho ni cha mzigo mwingine. Ukiskani msimbo wa pakiti ukapelekwa kwenye tovuti ya muuzaji mwenyewe, piga simu maabara uwasomee namba ya ripoti. PDF huhaririwa kirahisi sana.

Salmonella (bakteria wa kuharisha) isomeke "haikuonekana katika gramu 25". Kipimo cha gramu 1 ni dhaifu, kwa kuwa vijidudu hujikusanya sehemu chache za unga mkavu. Mwaka 2018 watu 199 katika majimbo 41 waliugua salmonella iliyotokana na kratomu, na FDA ikamlazimisha mtengenezaji mmoja kurudisha bidhaa, mara ya kwanza kutumia mamlaka hayo kwa chakula. Majani hukaushwa na kusagwa mahali pa wazi, na mnywaji anayekoroga unga kwenye juisi baridi haui chochote kilichomo.

Madini mazito: risasi ikiandikwa 1 ppm, maana yake mikrogramu 1 kwa kila gramu. Anayetumia gramu 10 kwa siku anameza mikrogramu 10, kila siku. Kwa hiyo usiridhike na neno "amefaulu", dai tarakimu.

Mfamasia, Texas
Niongezee hesabu ya 7-OH, kemikali kali ya kratomu inayofanya kazi mwilini kama afyuni, ndiyo inayowachanganya wengi. Texas, kwa sheria ya 2023, hairuhusu 7-OH kuzidi asilimia 2 ya alkaloidi (kemikali za mmea zenye nguvu mwilini) zote zilizomo, inakataza alkaloidi za kutengenezwa, na umri wa mteja ni kuanzia miaka 18. Tuseme kichupa kina alkaloidi miligramu 150 kwa jumla: 7-OH isizidi miligramu 3. Sasa chukua kidonge kilichoandikwa "7-OH 15 mg" kisicho na kingine. Hapo asilimia ni karibu 100. Hicho si jani tena. Kwenye jani 7-OH ni kidogo mno. Vidonge hivi hupatikana kwa kuibadili mitrajinini, alkaloidi kuu ya jani, kikemia. Julai 2025 FDA ilipendekeza 7-OH iliyokolezwa idhibitiwe, na Florida ikaipiga marufuku mwezi uliofuata.

Kichupa pia kinadanganya macho. Unga wenye mitrajinini asilimia 1.5 una miligramu 15 kwa gramu, hivyo kichupa cha miligramu 150 ni sawa na gramu 10 za unga ndani ya mafunda mawili.

Dada wa kaunta, Georgia
Kwetu tangu Januari 2025 ni miaka 21, na bidhaa ikae nyuma ya kaunta, mteja asijichukulie. Ya kuvuta hairuhusiwi kabisa. Kitambulisho nisome tarehe ya kuzaliwa, sura haitoshi. Swali kwa mfamasia: mteja akiuliza kama inatibu maumivu, nimjibuje kaka?

Mfamasia, Texas
Dada, usimwambie inatibu. Maneno hayo yanaigeuza bidhaa kuwa dawa isiyoidhinishwa, na kesi inakuwa ya duka. Muulize anatumia dawa gani. Akitaja tramadol, kodeini, dawa za usingizi au pombe, mwambie asichanganye: kupumua kunaweza kupungua hadi kusimama. Mitrajinini pia huzuia kimeng'enya cha ini CYP2D6, hivyo baadhi ya dawa za sonona hubaki mwilini kwa wingi kuliko kawaida. Mjamzito asiuziwe hata kama sheria ya jimbo imenyamaza.

Wekeni hapo dukani naloksoni ya puani ya miligramu 4, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na vitu vya jamii ya afyuni. Tangu 2023 inauzwa bila cheti cha daktari. Mtu akizimia, midomo ikawa ya kijivu, pigeni 911, mpulizieni puani, na baada ya dakika 2 hadi 3 bila mabadiliko rudieni tundu la pili. Akizinduka asiachwe aondoke, kwa sababu naloksoni huweza kuisha mwilini kabla ya 7-OH kuisha.