Mlituambia "hakuna atakayeachwa", mkatuacha kwenye mianzi ya Rungwe

Wakuu, habari za jioni.

Mimi humu huwa nasoma tu. Ni fundi cherehani, nina miaka 41, banda langu liko Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini. Leo ni siku ya tatu siwezi kukanyaga pedali ya cherehani, kwa sababu kucha za vidole gumba vya miguu zimekuwa nyeusi zote mbili na magoti hayakunji. Ila kucha si sababu ya uzi huu. Mlima unaumiza, hilo nililijua kabla sijatoka nyumbani. Nimekuja hapa kwa sababu watu kumi na wawili wenye akili zao, wenye buti za laki tatu na saa za kupima mwendo mkononi, walishuka Mlima Rungwe Jumapili jioni bila kuhesabu watu.

Jina la kikundi silitaji. Wenyewe mnajijua, na wengine mmo humu.

Tangazo lilikuja WhatsApp mwezi uliopita: wikendi ya milima, Jumamosi Ziwa Ngozi, Jumapili kilele cha Rungwe, shilingi 95,000 kwa usafiri, kulala Tukuyu, chakula, kibali na mwongoza njia. Chini yake wakaandika: "Wageni na wazoefu wote karibuni. Mwendo pole pole. Hakuna atakayeachwa." Nililisoma lile tangazo mara tatu. Nikampigia simu kiongozi, nikamwambia wazi, mdogo wangu, mimi sijawahi kupanda mlima wowote zaidi ya kufika nusu ya Loleza, nitawachelewesha? Akanijibu, "Hapana mama, safari hii tumeiandaa kwa ajili yenu nyie wageni." Nikamuuliza viatu. Akasema raba yoyote yenye meno inatosha.

Kwa hiyo kabla hamjaniandikia "ungejiandaa", nilijiandaa. Wiki tano nimeamka saa kumi na moja alfajiri nikatembea. Niliacha lifti za boda. Nilikuwa na sababu yangu pia: mwanangu wa mwisho amesoma shuleni habari za kipunji, yule tumbili wa kwetu ambaye dunia ilitangaziwa mwaka 2005, na hata jina lake la kisayansi limebeba jina la Rungwe. Nilimwahidi nikimsikia tu akilia msituni nitamrekodia sauti.

Jumamosi sina la kulalamika. Tulishukia Mchangani, tukatembea mashambani, kisha msituni, na kile kipande cha mwisho cha kupanda kingo za kreta, lile shimo la volkano lenye ziwa ndani, ni kikali, unashika mizizi kama ngazi. Nilifika nikihema, nikaona maji yale ya kijani yametulia kule chini kabisa, nikalia. Sioni aibu kusema hivyo. Ngozi iko saa moja na ushee kutoka kwangu na nilikuwa sijawahi kuiona.

Jumapili ndiyo siku yenyewe.

Tulifika Isongole, kijiji cha chini ya mlima, alfajiri, baridi ya Julai mnaijua. Tulikuwa watu kumi na wanne. Wageni wawili tu: mimi na kijana mmoja mwanachuo, ambaye mama yake ndiye alimlipia. Kumi na wawili wengine wote ni watu wa kila wikendi, Mbeya Peak wanaipanda kama mtu anavyokwenda sokoni. Pale pale kiongozi akasema hatuchukui mwongoza njia wa kijijini, njia anaijua, ameshapanda mara nane. Hela ya mwongoza njia tulikuwa tumeshalipa, lakini nani ataanza ugomvi alfajiri? Halafu akasema mabegi makubwa yabaki kwenye gari, tubebe maji na vitafunwa tu ili tuwe wepesi. Sweta langu zito na koti la mvua vikabaki kwenye buti la gari. Nilimuuliza, akasema jua litatoka.

Rungwe ina mita 2,960 hivi. Kutoka pale unapoanzia unapanda mita nyingi, na kwa kila mita elfu joto linashuka nyuzi sita hivi hata jua likiwa limewaka. Hewa nayo inakuwa nyembamba. Karibu na mita elfu tatu unavuta oksijeni pungufu kwa karibu theluthi kuliko mtu wa Dar. Sisi wa Mbeya tumezoea kidogo maana tayari tunaishi juu, lakini kuishi juu na kupanda juu ni mambo mawili. Haya yote nimeyasoma baada ya kurudi. Wao waliyajua kabla.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hili ndilo linaloniuma kuliko yote na sijawahi kulisikia likisemwa.

Wazoefu wanatembea haraka. Sawa. Wanafika mahali, wanakaa, wanakunywa maji, wanakula karanga, wanapiga picha, wanatusubiri dakika kumi na tano. Sisi wawili tunafika tukiwa tunahema, mapaja yanatetemeka. Wakituona tu, wanasimama. "Haya, wamefika, twendeni!" Na kweli wanaondoka. Wao wamepumzika robo saa. Sisi tumepumzika sifuri. Kituo cha pili hivyo hivyo. Cha tatu hivyo hivyo. Mpaka saa tano asubuhi wale wenye nguvu walikuwa wameshapumzika mara nne, na sisi tusio na nguvu hatujakaa chini hata mara moja. Kisha wananiangalia kwa huruma: "Mama, jikaze, unakata tamaa mapema." Sikukata tamaa! Nilinyimwa mapumziko! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyekaa kwenye jiwe akala karanga hamjui anayefika akihema. Nilipomwambia kiongozi naomba dakika tano, alitazama saa yake na kusema kasi ya kundi inaharibika.

Na kule msituni, kwenye makazi ya kipunji, mmoja wao alikuwa amefungulia spika ya muziki kwenye begi. Nilimwomba azime. Akapunguza. Huyo mnyama asikike wapi?

Tukaingia kwenye mianzi. Aliyepita pale anajua: imefungamana, njia ni kama handaki, chini tope, na raba yangu yenye meno ilikuwa inateleza kila hatua ya tatu. Ukungu ukashuka. Rungwe haina msimu wa kuaminika, mawingu ya Ziwa Nyasa yanapanda na kugonga pale pale. Mbele yetu tulisikia muziki, halafu tukasikia kidogo, halafu hatukusikia kitu.

Tukafika mahali njia inagawanyika. Hakuna mtu. Hakuna alama, hata tawi lililovunjwa. Tuliita. Mwanachuo alipiga mluzi mpaka midomo ikakauka. Simu hazina mtandao. Nikamwambia yule kijana, tusichague njia tusiyoijua, tukae hapa hapa, lazima watagundua hatupo. Tulikaa saa moja na dakika ishirini, nimeangalia saa. Manyunyu yakatulowesha. Blauzi ya pamba ikilowa inakuwa adui, inakunyonya joto lote. Kijana akaanza kutetemeka na kuongea taratibu kama mtu mwenye usingizi. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilivua kitenge changu, nikabaki na suruali, nikamfunga kifuani na mgongoni, nikampa sukari guru niliyokuwa nayo, nikasema tunarudi tulikotoka, alama za viatu vyetu wenyewe kwenye tope tunazijua.

Kushuka sitasimulia sana. Kushuka ndiko kulikochukua kucha zangu. Vidole vinagonga mbele ya kiatu saa tano mfululizo.

Tulitoka msituni giza limeshaingia. Tulifuata sauti ya mbwa hadi kwenye nyumba pembeni ya shamba la viazi. Mama mmoja mtu mzima akafungua mlango. Hakuniuliza mmetoka wapi wala mna pesa gani. Alimvuta kijana karibu na moto, akatupa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, akanipa blanketi ambalo najua ndilo analolalia. Kinyakyusa changu ni cha sokoni tu, mimi ni Msafwa, lakini nilisema ndaga fijo mpaka sauti ikakatika. Mume wake ndiye aliyetusindikiza barabarani na tochi.

Sasa kikundi kilikuwa wapi? Walifika kileleni saa nane mchana, picha ninazo, wameziweka wenyewe. Wakashuka kwa njia nyingine. Magari yalikuwa mawili. La kwanza likaondoka kwa sababu dereva alikuwa na haraka. La pili likadhani tumo kwenye la kwanza. Mume wangu alipompigia kiongozi saa mbili usiku, jibu lake lilikuwa: "Si ameshashuka na gari la kwanza?" Kiongozi mwenyewe alikuwa ameshafika Uyole, huku Mbeya mjini!

Watoto wa miaka tisa wanaochunga ng'ombe kule kwetu huhesabu kabla ya kufunga zizi. Mmoja akipungua, hakuna anayekula.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Anayesema "mlima si wa kila mtu", nakubali. Basi tangazo liandikwe hivyo. Andikeni "wazoefu tu", nitabaki nyumbani na 95,000 yangu na sitakuwa na neno na nyie. Msichukue hela za wageni ili gharama ya gari ipungue, halafu mkifika mlimani mkafanya mazoezi yenu ya mbio.

Aliyeniuliza nilitaka nini kifanyike: mtu mmoja mzoefu atembee nyuma kabisa, asimpite mtu yeyote. Ni mtu mmoja tu kati ya kumi na wawili. Na mwepesi akitusubiri, asubiri na sisi tukae, ndipo tuondoke pamoja. Haihitaji vifaa wala hela.

Aliyesema niende polisi, bado nafikiria. Mama wa yule kijana amenipigia mara mbili leo. Kijana ana kikohozi, yuko nyumbani, anaendelea vizuri. Hakuna hata mmoja wa kikundi aliyempigia. Mimi nimepigiwa mara moja, kuombwa nisiweke majina.

Kiongozi, najua unasoma hapa maana umeshaniandikia faragha nifute. Sifuti. Mpigie simu yule mama leo, si kesho. Rudisha hela ya mwongoza njia ambaye hukumchukua, kwa watu wote kumi na wanne, maana wote tulilipa. Na begi langu la bluu liko kwenye buti la gari lenu tangu Jumapili alfajiri. Ndani lina sweta la kijivu, koti la mvua na blanketi dogo la mwanangu. Tumeni mtu alilete Mwanjelwa, nipo bandani mpaka saa kumi na mbili.