Mrejesho: watoto kukwama kwenye kitubio (kuungama dhambi kwa padre) kabla ya Komunyo ya Kwanza

Wapendwa, asanteni sana. Niliuliza kwa nini watoto wanaojibu vizuri darasani hupigwa butwaa wakifika kwa padre. Aliyesema tatizo ni kukariri alipatia: mambo matano ya kitubio (kutafuta dhambi, kujuta, kukusudia kuacha dhambi, kuungama na kutimiza malipizi, yaani sala au tendo la kufidia dhambi) wanayaimba, ila hawajawahi kuyatenda.

Tulifuata ushauri wa zoezi la viti viwili, yaani kuigiza maungamo: ishara ya msalaba, "hii ni mara yangu ya kwanza kuungama", dhambi (za kubuni, mtoto asitaje zake!), kusikiliza malipizi, sala ya kutubu, kisha maondoleo ya dhambi na "Amina". Dakika 3 kila mtoto, Jumamosi 4. Wengi sasa wanakwenda wenyewe bila kusukumwa.

Kadi ya kutafuta dhambi kwa Amri 10 imefaulu nusu tu. Amri ya sita (usizini) na ya tisa (usitamani mke wa mtu) ziliwachanganya, na wengine waliungama kadi nzima neno kwa neno. Tumebakiza maswali 6: sala, Misa ya Jumapili, wazazi, ugomvi, uongo, kuchukua cha mtu.

Kilichogoma kabisa ni kufunga kula kwa muda wa saa moja kabla ya kukomunika. Peremende zimejaa mifukoni! Maji hayavunji mfungo. Waambieni wazazi kuhusu mfungo huu, si watoto peke yao.